Kabla hujachagua tanga, panda mzani

Msimu wangu wa kwanza wa mashindano ya matanga niliumaliza wa mwisho, na kosa nililifanya nikiwa nchi kavu. Nilikuwa nafanya kazi Dar, nikajiunga na klabu moja ya huko, nikavutiwa na zile boti za mtu mmoja zilizokuwa zikiitwa Laser, siku hizi ILCA. Nikachukua tanga kubwa, ILCA 7, kwa kuwa ndilo la wanaume kwenye Olimpiki. Nilikuwa na kilo 58. Upepo wa kusi ukishika, wenzangu wa kilo 80 wanakaa ukingoni, wanajinyoosha nje, boti inatulia. Mimi najinyoosha mpaka mapaja yanatetemeka na bado inapinduka. Siku moja nilipinduka mara nne kabla ya boya la kwanza. Hakuna aliyeniambia kitu, na mimi, kwa kiburi, sikuuliza.

Dawa yake ilikuwa rahisi mno. Boti ni ileile, urefu mita 4.23, kinachobadilika ni tanga na kipande cha chini cha mlingoti. ILCA 7 ina tanga la mita za mraba 7.06, ILCA 6 ina 5.76 na ILCA 4 ina 4.70. Mtu wa kilo zangu ni wa 6. Nilipobadilisha, mwezi uleule nikaanza kuwaona watu nyuma yangu. Watoto waanzie Optimist, kisanduku cha mita 2.3 hivi ambacho ukikitazama unadhani ni beseni la kufulia lililowekewa tanga, lakini mabingwa wengi wa dunia wametokea humo. Ikifika miaka 15 wanahama.

Sasa nimerudi nyumbani Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, na sisi wachache wenye boti za matanga tunapanga msimu wa ziwani. Shida ya kwanza ni kwamba hatuna boti tano zinazofanana. Ziko ILCA mbili, na mtumbwi wa mbao tuliouwekea mlingoti wenyewe. Usishindanishe hivi kwa macho, mtagombana. Kila boti ipewe namba yake ya mwendo, ya polepole ipewe kubwa zaidi, kisha dakika ilizotumia zidisha kwa 1000, gawanya kwa namba hiyo. Tuseme boti yenye 1100 imetumia dakika 66: inabaki 60. Mtumbwi wenye 1300 ukiingia dakika ya 75, unapata 57 na kitu. Mtumbwi umeshinda.

Tulipotangaza matokeo ya namna hiyo pale mwalo wa Katonga, mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu akaacha sindano.

"Wanangu, huyu kaja nyuma, mbona mnampa ushindi?"

"Shikamoo mzee. Tunagawanya."

"Marahaba. Mnagawanya nini, samaki?"

Nikachora hesabu mchangani kwa kijiti. Akaitazama, akasema, "Aa, kumbe mnatoa uzito wa beseni." Tangu siku hiyo naieleza hivyohivyo kwa kila mgeni, na sijaona maelezo bora.

Kuhusu ratiba, usianze na kalenda ya ukutani, anza na mwezi wa angani. Boti yetu ya uokoaji ni ya mwenye dagaa, na siku za giza hatuipati: usiku iko kazini na taa zake, mchana watu wake wamelala. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa, wavuvi wanapumzika, na hapo ukiomba boti na nahodha unasikilizwa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kipindi hicho kiliangukia kiangazi chenye upepo mzuri. Ila usiwaendee watu waliosimamishiwa riziki ukadhani wamekaa wanakusubiri wewe na michezo yako. Lipa mafuta, lipa na muda wao.

Watoto waende asubuhi, wakubwa mchana upepo ukikaza. Masika tunaacha, radi za ziwa hili si za kuchezewa ukiwa umeshika mlingoti wa alumini. Na jaketi la uokozi livaliwe, hata na yule aliyezaliwa mwaloni. Hasa yule.

Jambo ambalo vitabu vya mashindano havikuniambia ni kina. Tanganyika inafika mita 1,470 na kwingine inaanza kuzama karibu kabisa na ufuko. Mara ya kwanza tulishusha boya la kugeuzia kwa kamba ya mita 60, tukaona limetulia, tukarudi kuanza. Mzunguko wa pili nalifuata, nalifuata tena, silifikii. Nanga ilikuwa inaning'inia tu majini, boya linaelekea Kongo, na sisi nyuma yake tunashindana kwa bidii. Siku hizi maboya yote tunayaweka ndani ya ghuba, na mwaka huu nimenunua kamba ya mita 200.

Kilichobaki ni mtu wa saa. Bendera ya kwanza inapanda zikiwa zimebaki dakika 5 kabla ya kuanza, ya pili zikibaki 4, hiyo ya pili inashuka ikibaki 1, kisha mnaachiwa. Nataka mtu asiye na ndugu ndani ya boti yoyote, na kwa Ujiji hilo ndilo gumu kuliko kamba.