Kwa nini tulihamia kwenye boma

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inanguruma, nikasikia nusu. Mara mbili nyingine usiku, peke yangu. Umesema mumeo amepata kiwanja huko Dodoma, anataka mpandishe vyumba viwili mwingie hivyo hivyo, mengine mtamalizia mkiwa ndani. Halafu ukaniuliza: "Mama, kwa nini ulituhamishia Chanika nyumba haina hata dirisha? Hukuona aibu?" Nilitaka kukupigia, nikajua nikipiga nitaanza kujitetea. Bora niandike.

Aibu niliiona. Siku tunashusha vyombo kwenye ile pikapu, mama mmoja wa jirani alisimama barabarani akauliza, "Mnakuja kulinda vifaa?" Nikamjibu ndiyo. Wiki nzima alidhani sisi walinzi.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Mwaka 2006 tulikuwa Tandika, kile chumba karibu na choo. Kodi tulikuwa tunalipa ya miezi sita kwa mkupuo, na mwaka ule mwenye nyumba akabadilisha: anataka ya mwaka mzima, na amepandisha. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa peke yake, Dar es Salaam nzima ndivyo ilivyokuwa inapangisha. Ukitaka kuhama, dalali naye anasubiri kodi ya mwezi mmoja yake. Mimi nilikuwa mama lishe, hela yangu inaingia kwa siku: leo 2,000, kesho 3,000, mvua ikinyesha hakuna kitu. Mtu anayepata kwa siku ukimdai kwa mkupuo, atakopa tu. Na muda unaisha bado analipa mkopo wa kodi ya zamani, kodi mpya hiyo imefika. Nilifanya hivyo miaka minne. Nilikuwa nawapikia watu waliokuwa wakijenga nyumba za wengine, nami nalipia nyumba ya mwingine.

Hao mafundi ndio waliojenga nyumba yetu, na hili sijawahi kukusimulia vizuri. Nilikuwa nawafuata kwenye saiti na masufuria yangu, wali maharage, siku za neema na dagaa. Walikuwa wanakula kwa mkopo mpaka bosi wao alipe, na bosi alikuwa halipi. Nilikuwa na daftari la madeni, lile la jalada la kijani ulilokuwa unachorea nyuma. Siku moja fundi mkuu wao anadaiwa sahani nyingi, hana hela, akaniambia, "Mama, wewe huna kazi ya kujenga?" Nikacheka. Lakini kiwanja nilikuwa nacho, kimekaa na nyasi tangu 2003. Basi ikawa Jumapili wanakuja Chanika wawili watatu, wanapandisha kozi mbili, tatu za tofali, mimi nakata majina kwenye daftari. Mchanga na saruji vilikuwa vyangu. Mfuko mmoja, wakifyatua kwa uangalifu, ulitoa tofali thelathini na kitu, na nilikuwa nanunua mfuko mmoja kwa wiki, wiki nyingine sinunui. Ukitazama ukuta wa sebuleni kwa nje kabla ya plasta, ulikuwa unaona rangi za tofali zinapishana, hizi nyeupe, zile nyeusi. Kila rangi ni saruji ya wiki yake.

Kiwanja chenyewe nusura kinipite. Baba yako alikuwa ameshakwenda Mererani kutafuta tanzanite, na alichokipata huko unakijua. Mzee aliyekuwa anauza alinitazama akauliza, "Mumeo yuko wapi?" Nikasema Mererani. "Basi arudi aje aweke saini." Nilikuwa na hela mkononi, zangu, za vitumbua na za upatu, na nakwambia nilianza kuzirudisha kwenye pochi. Mjumbe wa nyumba kumi ndiye aliyesema, "Mzee, sheria ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanamume. Mwandike." Mzee hakubishana na sheria, alizitazama zile noti kwa muda, akasema, "Haya, jina lake nani?" Mpaka leo nikikutana na huyo mjumbe namwamkia kwa kupiga goti, na kiumri ananizidi kidogo tu.

Basi turudi 2006. Boma, zile kuta tupu, lilikuwa limefika kwenye lenta, vyumba viwili, juu mawingu. Mwenye nyumba amenipa wiki mbili. Zamu yangu ya upatu ikaangukia humo humo. Nikaenda kwa kijumbe anayekusanya hela za upatu, nikahesabiwa, nikafunga kwenye pindo la kanga. Zile hela zilikuwa zinatosha kitu kimoja tu: kodi ya mwaka, au mbao na bati. Nilipanda daladala ya kurudi Tandika, nikashuka njiani, nikapanda ya Gongo la Mboto, njia ya Chanika. Dukani yule kijana akaniuliza, "Mama, geji ngapi?" Nikashindwa kujibu kwa sababu fundo la kanga lilikuwa halifunguki. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Nikalifungua kwa meno, mbele ya wateja. Nikachukua geji 30, zile nyepesi, ndizo hizi zinazotukatisha maongezi mvua ikinyesha.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini tulihamia bila madirisha, jibu ni kwamba hela ziliishia juu, hazikushuka mpaka kwenye madirisha. Nikaziba kwa viroba vya saruji na vipande vya mkeka. Nilidhani miezi miwili. Nyumba ukishaingia haimaliziki, mwanangu, kwa sababu ile haraka imekwisha. Kila hela inayokuja inakuta jambo lingine mbele. Dirisha la chumba chako lilipata nondo ukiwa kidato cha pili. Kioo liliwekewa umeshaondoka kwenda chuo.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hukuliuliza, ila nililisikia kwenye sauti yako. Tandika bomba lilikuwa uani. Chanika nilinunua kiwanja nikauliza mipaka, nikauliza kama kina mgogoro, nikauliza serikali ya mtaa, maji sikuuliza. Kisima kilikuwa kule bondeni, na mimi saa kumi alfajiri nilikuwa nimeshawasha moto. Aliyebaki na ndoo ni wewe. Safari mbili kabla ya shule, kisha unakwenda kusimama kituoni na konda anakwambia, "Denti, subiri gari la nyuma," kwa kuwa nauli ya mwanafunzi haimlipi. Darasa la tano ulikuwa wa tatu. La sita ukawa wa ishirini na saba. Mwalimu aliniita akaniambia mtoto analala darasani, nikamwambia nitamkanya. Nikakukanya kweli. Nilijua sababu, na nilikukanya.

Ulifaulu, alhamdulillahi, ukaingia shule ya kata, na kwa kuwa sikuwa na kodi ya kulipa, zile 20,000 za ada nilikuwa nazitoa bila kukopa. Michango ndiyo iliyokuwa inatukimbiza. Kama tungebaki Tandika, sijui ningezitoa wapi. Kwa hiyo sijuti kuhama. Lakini watu wakija hapa wakaniambia, "Mama umejenga kwa mikono yako mwenyewe," huwa naitikia tu, na najua hesabu imekosewa, kuna mikono mingine ya miaka kumi na miwili haijatajwa.

Kuhusu mumeo, usimwambie mama amekataa. Hajakosea kutaka kwake. Kiwanja kikikaa na nyasi unakilea kwa wasiwasi. Ila mimi niliingia kwenye boma kwa kuwa nyuma yangu mlango ulikuwa unafungwa. Ninyi mna mishahara miwili, kodi yenu mnaimudu, hakuna anayewahesabia wiki. Kaeni mwaka mmoja zaidi, muweke grili, vioo na mlango wa chuma angalau kwenye chumba cha mtoto. Na hakikisheni kiwanja kimepimwa. Sisi huku tumechangishwa hela za urasimishaji, vigingi tukapandiwa, tukapiga na picha, hati mpaka leo tunaambiwa zinakuja.

Mkopo wa kujengea usiuchukue kwa wale wanaokupa siku hiyo hiyo kwa kitambulisho tu. Shoga yangu mmoja wa kwenye upatu alichukua, wamebeba friji na godoro.

Lakini hayo yote baadaye. Kwanza nijibu wewe swali langu, na umuulize mumeo kabla hamjalipa hata senti: kwenye hicho kiwanja maji yako umbali gani, na yatachotwa na nani?

Mama yako