Kitabu cha benki cha baba

Baba aliuza mitumba soko la Kibuye, Kisumu, na akiba yake yote ilikaa katika benki ndogo ya familia moja. Mwenye benki alimjua kwa jina na alijua biashara yake. Baba akipungukiwa na pesa za kufuata mzigo Nairobi, alikopeshwa siku hiyohiyo, bila kudaiwa hati ya shamba. Sizidharau benki za aina hiyo. Zilituamini tulipokuwa hatuna kitu.

Mwaka 1986 tukakuta mlango una kufuli. Baba alisimama pale kutwa, kitabu chake cha benki kikiwa ndani ya karatasi ya nailoni. Pesa za wateja, tulikuja kuelewa, zilikuwa zimekopeshwa kampuni za wenye benki wenyewe, na hazikurudi. Taasisi ndogo kadhaa ziliyumba miaka hiyo, hata mwaka 1989 serikali ikaunganisha tisa kuunda Consolidated Bank.

Baba alilipwa kidogo kidogo kwa sababu ya kile kitabu: kila amana ilikuwa na tarehe, muhuri na sahihi ya keshia. Jirani yake sokoni alikuwa ameacha chake benkini kitunzwe. Alihangaika miaka.

Kwa hiyo ndugu yangu, karatasi zako kaa nazo. Hata kama unatumia simu, chukua taarifa ya akaunti kila mwezi uihifadhi kwingine. Kisha gawanya pesa katika benki tofauti. Tangu 2020, benki ikifa, bima ya amana ya KDIC, shirika la serikali la kulinda amana za wateja wa benki, hulipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja. Akaunti zako tatu katika benki moja huhesabiwa kama moja. Sacco hazimo kabisa katika bima hiyo.

La muhimu kuliko yote, soma hesabu ambazo kila benki hulazimika kuchapisha baada ya kila miezi mitatu. Kuna mstari unaoonyesha mikopo waliyopewa wakurugenzi, wenye hisa na washirika wao. Enzi za baba hakuna aliyetuonyesha mstari huo. Ukiona kiasi hicho kinapanda robo baada ya robo, nenda kamwulize meneja ana kwa ana, na akibabaika, anza kuhamisha pesa zako wiki hiyohiyo.