Italia darasani: anzia kwenye kikombe cha kahawa

Mwalimu, umeuliza uanzie wapi na vijana wako ili Italia isiishie kwenye pizza na mpira. Mimi ningeanzia kaunta ya kahawa. Kule baa ni ya kahawa kwanza, bia baadaye: asubuhi mtu anaingia, anasimama kaunta, kijikombe kidogo, mafunda mawili matatu, kaondoka. Ukikaa mezani, sehemu nyingi bei inapanda. Waigize darasani, mmoja muuzaji, mwingine mteja: "Un caffè, per favore," yaani kahawa moja, tafadhali. Salamu na adabu zitaingia zenyewe.

Safari usiipe muda mrefu. Waambie tu kwamba tiketi ya karatasi ya treni za mikoani hugongwa muhuri kwenye mashine pale stesheni kabla ya kupanda. Ukisahau, faini.

Utamu wenyewe uko kwenye siasa. Tarehe 2 Juni 1946 Waitalia walipiga kura kuchagua mfalme au jamhuri. Jamhuri ilishinda kwa takriban asilimia 54 tu (wengi hudhani mfalme alifukuzwa kirahisi), na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wanawake kupiga kura ya nchi nzima. Kisha ruka hadi 2020: kwa kura ya maoni, wananchi waliridhia wabunge wapunguzwe kutoka 630 hadi 400, na maseneta kutoka 315 hadi 200. Waulize wanafunzi kama wangekubali hivyo hapa kwetu. Kengele italia bado wanabishana.