Majibu kwa Wasomaji: Kulala Hotelini Katikati ya Picha na Sanamu

SWALI

Mhariri, asalamu alaikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tanga, na mwezi Mei mwakani, inshallah, nitasafiri kwenda Louisville, katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, kuhudhuria mahafali ya binti yangu. Wanangu wanataka kunichangia nilale siku nne katika hoteli iitwayo 21c Museum Hotel, ambayo wanasema ni hoteli na makumbusho kwa pamoja. Bei nimeiona, na imenikosesha usingizi hata kabla sijakilalia hicho kitanda. Je, fedha hizo zinastahili? Je, mtu wa makamo yangu, anayeshika dini yake, atastarehe mahali pa namna hiyo? Na je, kuna gharama zisizoonekana katika bei iliyoandikwa?

Mwalimu mstaafu, Tanga

JIBU

Waalaikumu salamu, Mwalimu, na hongera kwa mahafali hayo. Jambo ambalo huenda wanao hawakukwambia ni kwamba kumbi za maonesho za hoteli hiyo ziko wazi kwa kila mtu, bila kiingilio, usiku na mchana. Aliyelala ghorofani na mpita njia aliyeingia kukwepa mvua wanatazama picha zile zile. Kwa hiyo fedha yako hainunui sanaa. Inanunua kitanda, huduma na mahali hoteli ilipo. Ukiipima kwa mizani hiyo, nakushauri ulale pale siku moja, au mbili zikizidi, kisha uhamie hoteli ya kawaida, na chenji itakayobaki umpe mhitimu wako.

Hata hivyo, siku hiyo moja usiikose. Hoteli hiyo ilifunguliwa mwaka 2006 na Laura Lee Brown na mumewe Steve Wilson, wakusanyaji wa sanaa waliotaka kurudisha uhai katikati ya mji wao, nao wakayageuza maghala ya zamani ya barabara ya Main kuwa vyumba vya kulala na kumbi za picha. Hapo hutakuta picha za wafalme waliokufa zamani. Kinachooneshwa ni kazi za wasanii wa karne hii ya 21, ambayo ndiyo iliyoipa hoteli jina lake, na maonesho hubadilishwa mara kwa mara. Nyingine zitakufurahisha, nyingine zitakuudhi, na chache, nakwambia kwa uaminifu, utazitazama kwa robo saa usijue msanii alitaka nini. Usione haya kumwuliza mhudumu.

Faida ya kweli ya mgeni aliyelala pale ni saa za usiku. Mchana kumbi huwa na watu. Saa kumi za alfajiri, wakati mwili wako bado unahesabu saa za Tanga na usingizi umegoma, unaweza kuvaa kanzu yako, ukashuka kwa lifti na kuzunguka peke yako bila mtu wa kukuharakisha. Karibu na lifti imekuwapo kwa miaka mingi kazi ya Camille Utterback na Romy Achituv ambayo herufi zake huanguka ukutani kama manyunyu, zikatua juu ya taswira ya mabega na mikono ya aliyesimama mbele yake. Mwalimu aliyefundisha kusoma na kuandika miaka yote hiyo, nadhani, atasimama hapo kwa muda mrefu kuliko wengine.

Usishtuke pia ukifungua mlango ukamkuta pengwini mwekundu wa plastiki, mwenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, amesimama koridoni. Ni kazi ya kundi la wasanii la Cracking Art, na pengwini hao huhamishwa huku na kule, mpaka kwenye meza za chakula. Wageni wengi huwapenda. Mimi naona ni mzaha mzuri kwa mara mbili tatu za kwanza.

Sasa suala la dini. Nje ya hoteli, kando ya barabara, imesimama sanamu ya msanii wa Kituruki Serkan Özkaya, mfano wa Daudi, ile sanamu maarufu ya mchongaji wa Italia Michelangelo, uliokuzwa mara mbili, wenye rangi ya dhahabu kutoka utosini hadi unyayoni, na Daudi huyo, kama yule wa Italia, hana nguo. Ndani nako zinaweza kuwapo picha za namna hiyo. Ukijua mapema hutafadhaika, na anayepeleka wajukuu atangulie kuzunguka peke yake kwanza. Kentucky ndiyo nchi ya pombe ya bourbon, kwa hiyo baa utaiona. Kuhusu chakula, uliza kama kuna nguruwe au pombe ndani ya mchuzi, maana kule pombe huingia hata kwenye vitu vitamu. Chukua kopo lako la kustanjia, kwa sababu vyoo vya Marekani kwa kawaida huwa na karatasi tu. Na kibla usikitafute kwa mazoea: Tanga tunaelekea kaskazini, Louisville ni kaskazini-mashariki.

Kuhusu gharama, bei unayooneshwa mara nyingi haina kodi, ambayo katika mji huo huzidi asilimia 10. Mapokezi watazuia kiasi fulani cha amana katika kadi yako hata kama chumba kimeshalipiwa, na amana hiyo huweza kuchukua siku kadhaa kurudi, kwa hiyo usifike na kadi yenye fedha ya matumizi peke yake. Mezani bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 inachukuliwa kuwa wajibu, na anayetandika chumba huachiwa dola chache kila siku. Kabla ya yote, tazama tarehe: Jumamosi ya kwanza ya Mei hufanyika mbio za farasi za Kentucky Derby, na wiki hiyo bei za hoteli za mji mzima hupanda mno. Kama mahafali yanaangukia siku hizo, lala mbali, kisha uje kuziangalia picha bure na binti yako; kutoka hapo hadi Muhammad Ali Center, makumbusho ya yule bondia tuliyekesha redioni kumfuatilia Kinshasa mwaka 1974, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.