Shoti si deni lako mpaka ithibitishwe

Juzi dada mmoja anayekaa kaunta kwenye duka kubwa pale Mwanjelwa, Mbeya, aliniandikia: "Kaka, mwezi huu nimepokea elfu tisini tu, nyingine wanasema ni shoti. Nifanyeje?" Shoti ni ule upungufu wa pesa au bidhaa ambao mwajiri anaukata kwenye mshahara wako. Nimeshamjibu, ila najua mko wengi, na mimi yamenikuta.

Nilikuwa nauza mafuta kwenye sheli moja ya Makambako. Julai ile, kila asubuhi msimamizi alikuwa anachovya kijiti tankini, analinganisha na mita za pampu, lita hazifiki. Upungufu unagawanywa sawasawa kwa shifti nzima. Hakuna aliyeuliza nani kafanya nini. Petroli iliyopakiwa kwenye joto la Dar ikishushwa kwenye tanki la huku kwetu kwenye baridi inasinyaa, madereva wa malori wanalijua hilo, lakini aliyelipa ni mimi. Mshahara ulikuwa shilingi 200,000. Nikapewa bahasha yenye 80,000 na kikaratasi kimeandikwa neno moja kwa kalamu: shoti. Kodi ya chumba ilinishinda mwezi ule. Bado inaniuma.

Mjomba wangu, aliyewahi kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, ndiye aliyenifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Mwajiri hakukati kwa hasara mpaka iwe imetokea kazini kwa kosa lako wewe, akupe kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, na akupe nafasi ya kupinga. Hata hapo, asikate zaidi ya robo ya mshahara wako wa fedha. Kwangu mimi robo ni 50,000. Walikata 120,000!

Sheria hii haikuanguka kutoka mbinguni. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949, ambao Tanganyika iliuridhia 1962, unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi au makubaliano ya pamoja, na mfanyakazi ajulishwe. Kiwango chenyewe mkataba huo haukutaja, uliiachia kila nchi. Sisi tukaandika robo. Kwa hiyo anayekukata zaidi ya hapo anavunja sheria ya nyumbani na ahadi ambayo nchi imeitoa mbele ya dunia.

Niliandika barua kuomba hesabu ya ile shoti. Sikujibiwa. Nikaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na pale kwenye usuluhishi mwajiri alirudisha pesa yangu. Nilitoka nimenyoosha mgongo.

Ndugu zangu, tuache uoga. Ile fomu mliyosainishwa siku ya kuajiriwa, kwamba mnakubali kukatwa shoti yoyote, haifuti masharti ya kifungu cha 28. Dai hesabu kwa maandishi. Tunza kila kikaratasi, piga picha daftari la makabidhiano ya shifti. Mnasema mtafukuzwa, lakini kwa kunyamaza mnakatwa kila mwezi, na mwenzenu atakayeajiriwa kesho atakuta ndiyo desturi.

Mdogo wangu wa Mwanjelwa, kwa mgogoro wa mshahara una siku 60 tangu ulipokatwa za kuufikisha kwenye Tume. Zile siku 30 unazozisikia ni za waliofukuzwa kazi. Jaza fomu ya Tume iitwayo CMA F.1 (CMA ni kifupi cha jina la Tume kwa Kiingereza), mpelekee mwajiri nakala na uchukue uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo uiwasilishe Tume hapo Mbeya.