Kadi ya dozi ivuke ziwa pamoja na mvuvi

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji kama ushirikiano wa mataifa dhidi ya dawa za kulevya umefika tunakoishi, au unaishia kwenye kumbi za mikutano. Mimi ni mama wa Ilemela, nanunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na kuwauza, na nimo kwenye kamati ya BMU, kikundi cha wanajamii cha kusimamia uvuvi, ya mwalo wetu. Kwetu umefika, ila umefika upande mmoja. Nchi zetu zimejifunza kufuatilia mzigo kutoka bandari hadi bandari. Mtu aliyekwisha kuharibiwa na mzigo huo, akitoka Mwanza kwenda visiwani au kwa majirani, hakuna anayemfuatilia.

Nianze na yaliyofanyika, maana si haki kusema hakuna kitu. Sheria ya mwaka 1995 ilitupa Tume iliyokuwa kazi yake ni kuratibu. Ya kukamata ilibidi iwaachie wengine. Sheria Na. 5 ya mwaka 2015 ndiyo iliyoleta Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, yenye meno ya kupekua, kukamata na kupeleleza. Desemba 2023 tukatangaziwa kilo 3,182 za heroini na methamphetamine zilizokamatwa Dar es Salaam na Iringa. Sisi tunaoishi na vijana mwaloni tunajua kilo moja ya unga, yaani heroini, hutoa kete ngapi, vile vifurushi vidogo vya kuuzia, na kila kete ina mdomo au mshipa unaoisubiri. Niliposikia habari ile nilishukuru kwa moyo wote.

Tena mzigo wa namna ile haukamatwi na nchi moja. Heroini hailimwi kwetu. Inatoka Afghanistan, inateremshwa hadi pwani ya Makran huko Iran na Pakistan, inapakiwa kwenye majahazi na kushuka na Bahari ya Hindi mpaka mwambao wetu. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi nje ya pwani ya Kenya na kukuta kilo 1,032 za heroini. Lakini wengi hawajui kinachofuata baada ya ukamataji wa aina hiyo. Mara nyingi mzigo humwagwa baharini na mabaharia huachwa waende zao, kwa sababu kwenye bahari kuu hakuna nchi ambayo sheria yake inawashika moja kwa moja.

Walipotaka kushika watu, mataifa yalipitia njia nyingine. Ndugu wawili wa Mombasa waliokuwa wakifanya biashara ya dawa za kulevya, Baktash na Ibrahim Akasha, walikamatwa Novemba 2014, wakapelekwa Marekani Januari 2017. Baktash alihukumiwa miaka 25 mwaka 2019, na Ibrahim miaka 23 mwaka uliofuata. Kesi ya namna hiyo inasimama juu ya mikataba. Upo ule wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1988 unaozibana nchi kusaidiana ushahidi, kurudishiana watuhumiwa na kuchunga kemikali bashirifu, zile zinazotumika kutengenezea dawa za kulevya, na Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilisaini itifaki yake ya dawa za kulevya mwaka 2001.

Sasa njooni ziwani. Ziwa Victoria lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na hakuna hata tone moja lililo bahari kuu. Karibu nusu ni la Tanzania, Uganda inafuata, na Kenya ina sehemu ndogo kaskazini mashariki. Kwa hiyo kule baharini wanaweza kusema hapakuwa na sheria. Huku zipo tatu. Tatizo ni kwamba hazisemi lugha moja, na mfano mzuri ni mirungi.

Nchini kwetu mirungi ni haramu. Ukikutwa nayo unakwenda mahakamani. Kenya ni zao la biashara, wakulima wa Meru wanasomeshea watoto. Uganda iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2015, Mei 2023 mahakama ikaitengua sheria hiyo, na mwaka huo huo Bunge likatunga nyingine. Katika mikataba ya dunia mti wenyewe haumo, ila kemikali zake mbili, kathinoni na kathini, zimeorodheshwa kwenye mkataba wa mwaka 1971. Basi mtu anayeuza mabunda yake ufukwe wa Kenya hana kosa lolote. Anayeyapokea kwetu ni mhalifu. Polisi wetu akimwomba mwenzake wa ng'ambo amkamate muuzaji, atakamatwa kwa kosa gani? Kanuni ya kusaidiana kati ya nchi kwa kawaida inataka kosa liwe kosa pande zote mbili.

Na mirungi haisubiri. Mara moja, kabla jua halijachomoza, niliona mzigo wake ukishushwa kwenye mtumbwi wenye injini ambao haukuwa na hata ndoo moja ya samaki. Mabunda yalikuwa yamefungwa kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa, yametandazwa chini ya turubai, na kijana aliyeyapokea alikuwa tayari ameshawasha pikipiki. Haraka ile ina sababu. Kathinoni, ambayo ndiyo hasa inayochangamsha, huanza kupotea mara tu majani yanapokatwa, na siku mbili zikipita mlaji anatafuna majani tu. Kwa hiyo biashara yote imejengwa juu ya mwendo: boti kali, pikipiki, dereva asiyelala. Wanaoumia ni watu wa barabarani, pamoja na mama anayeachiwa mwanawe kwenye jeneza.

Siiombi Kenya iwang'olee wakulima wake mashamba. Hilo halitatokea, na sidhani ni haki. Ninachosema ni kwamba doria zetu zisimalize mafuta ya boti kwenye mabunda ya majani huku unga ukipita kwenye begi la abiria. Kete hamsini zinaenea kwenye soksi. Na anayeshikwa mwaloni, kwa niliyoyaona mimi, karibu kila mara ni teja mwenye kete yake mbili, siyo mwenye mzigo.

Hapo ndipo nafika kwa mtoto wa dada yangu.

Alikuwa mvuvi wa dagaa, mzuri kwelikweli, mpaka unga ukamchukua. Wanaojua arosto ni nini sihitaji kuwaeleza: mtu anatetemeka, anatapika, mifupa inamuuma, anauza hata shuka alilolalia. Leo yuko kwenye methadone, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini ili kuzuia arosto. Nchi yetu ilianza huduma hiyo Muhimbili mwaka 2011, ikasambaa mikoani, na Mwanza tunayo. Nimemsindikiza. Unafika dirishani, kadi inaangaliwa, dawa inapimwa kwenye kikombe kidogo cha plastiki, anakunywa mbele ya muuguzi, anapewa maji, kisha muuguzi anamuuliza jambo lolote ili ajibu kwa sauti. Akijibu, imejulikana amemeza. Kesho asubuhi tena. Wale wauguzi wanamwita kwa jina lake, na mpwa wangu alikuwa amekaa miaka akiitwa teja tu.

Ndani ya kile kikombe umo ushirikiano wa kimataifa ambao magazeti hayauandiki. Methadone yenyewe ni dawa inayodhibitiwa na mkataba wa mwaka 1961. Kila mwaka serikali hupeleka makadirio ya mahitaji yake kwa Bodi ya Kimataifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya, iliyoko Vienna, na kila shehena inavuka mpaka kwa kibali cha nchi inayotoa na inayopokea. Morfini ya wagonjwa wa saratani inapita njia hiyo hiyo. Mkataba ule unatamka tangu utangulizi kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu, na kwamba lazima ziwepo kwa ajili hiyo. Watu wengi wanadhani ni mkataba wa kukataza tu.

Lakini mpwa wangu ni mvuvi. Wavuvi wa dagaa hufuata giza. Mwezi ukififia wanakwenda kambini, Goziba au Ukerewe, wanalala huko mpaka mbalamwezi irudi. Giza moja lilipoingia akaja kukaa mlangoni kwangu. "Mamdogo, wenzangu wanaondoka. Nikienda nakosa dozi. Nikibaki sina hela." Nilimwambia abaki. Amebaki, anabeba magunia mwaloni, na kipato chake hakifiki hata robo ya cha zamani. Sijui wangapi wamechagua kinyume. Ninachojua ni kwamba aliyekosa dozi siku kadhaa mfululizo hawezi kurudi akapewa kipimo kile kile, maana mwili umeshaanza kuisahau dawa na kipimo cha zamani kinaweza kumuua. Anaanza chini upya. Katika siku hizo za kuanza upya ndipo pusha, muuza unga, anapompata.

Na kuna wanaovuka kabisa. Vijana wetu wanafanya kazi kwenye mialo ya Uganda na Kenya, na wa huko wapo kwetu. Samaki hajui mpaka. Kisumu kuna kliniki ya methadone. Kampala ipo, pale Butabika. Mwanza tunayo. Miji mitatu kuzunguka ziwa moja, dawa ni ile ile, mkataba ni ule ule, na mtu akihama anaanza kujieleza kama mgeni, tena akiogopa kukamatwa. Polisi wa nchi hizi wanakutana kupitia EAPCCO, umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki uliopo tangu 1998. Kwa nini waganga wa kliniki hizi wasiwe na utaratibu wao? Bodi ya Vienna imeshatoa miongozo kuhusu wasafiri wanaotumia dawa zinazodhibitiwa. Pa kuanzia papo.

Ombi langu kwa wakubwa ni hili. Iwepo kadi moja ya dozi inayotambulika Mwanza, Kisumu na Kampala, yenye kipimo na tarehe ya mwisho kunywa, na simu ya kliniki ya kuthibitisha. Kwa visiwani, zahanati au kituo cha afya chenye muuguzi aliyefundishwa na kabati lenye kufuli kiruhusiwe kutoa dozi wakati wa giza. Najua dawa hii ikitoka nje ovyo itauzwa, hata mimi nimesikia bei yake mtaani, ndiyo maana nasema muuguzi na kufuli. Sisemi wapewe chupa waondoke nazo.

Na BMU itumike. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, lilikwisha kuoanisha miongozo ya BMU kwa nchi zote tatu. Mialo yetu ina kamati zinazofanana, daftari la vyombo, watu wanaojua nani kaingia na nani katoka. Sisi tukiona boti isiyo na samaki tunaijua. Ila tunaishi na hao wenye boti, watoto wetu wanasoma na watoto wao. Ile namba ya bure ya Mamlaka, 119, tunayo. Tunachotaka ni kuona anayepiga analindwa, na kwamba baada ya simu hawaji kuzoa mateja waliolala chini ya mitumbwi na kumwacha mwenye mzigo.

Mwezi unafifia tena wiki ijayo. Mpwa wangu ameniuliza kama kuna njia yoyote ya kwenda hata siku nne. Nimeahidi kwenda naye kliniki kumuuliza mganga, na barua hii nitaibeba.

Mama wa dagaa, Ilemela, Mwanza