Viatu vinaota ukungu na bili haishuki

SWALI: Bwana Mhariri, nasimamia duka la viatu hapa Nyali, Mombasa, linalopozwa na mitambo miwili ya eyakondishena iliyo juu ya paa. Feni zake huvuma mfululizo tangu tunapofungua hadi tunapofunga, bili ya stima haipungui hata wakati wa kusi, na juu ya hayo viatu vya ngozi vinaota ukungu. Fundi mmoja amenishauri nizibe kabisa matundu ya hewa ya nje. Mwingine anataka ninunue mitambo mipya. Nimsikize yupi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa usimsikize hata mmoja, kwani yaelekea ukungu na bili yako vina chanzo kimoja. Mtambo unapopoza, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya koili, yaani mabomba baridi yaliyomo ndani yake, na kutiririka nje. Kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupozea, ikizimika huku feni ikiendelea kuvuma kwa kasi ileile, maji yaliyosalia kwenye koili hurudi dukani yakiwa mvuke, kisha kompresa ikiwaka hulazimika kuyatoa tena, nawe unalipia kazi moja mara mbili.

Dawa yake ni kifaa cha kubadili kasi ya mota, ambacho fundi anaweza kukifunga kwenye mtambo ulio nao iwapo mota ya feni ni ya fezi tatu. Feni ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya kasi yake, nguvu inayokula hushuka hadi karibu nusu. Ikipunguzwa hadi asilimia 50, hubaki thumuni, ijapokuwa hiyo ni hesabu ya karatasini na mota halisi haifiki hapo. Kasi ya chini kabisa iwe ya wakati kompresa imezimika, la sivyo koili itaganda barafu.

Mwaka 2013 Maabara ya Kitaifa ya Pacific Northwest, Marekani, ilitoa matokeo ya mitambo 66 ya paani iliyofungwa vidhibiti vya namna hii: matumizi ya stima yalipungua kwa wastani wa asilimia 57. Usimwahidi mwenye jengo kiasi hicho, maana katika joto la Mombasa kompresa hupumzika kidogo, na kwenye kompresa ndiko stima nyingi inakoishia.

Ama hewa ya nje, panda paani asubuhi feni zikiwa zimewashwa, ushike karatasi mbele ya matundu. Ikivutwa na kung'ang'ania hapo ilhali duka halina mteja, kilango cha ndani kinachofungua na kufunga njia ya hewa hiyo huenda kimekwama wazi kwa kutu ya chumvi. Kikaguliwe pia kama kina mpangilio wa kufunguka usiku ili kuingiza hewa baridi. Mpangilio huo ulibuniwa kwa nchi za baridi, na kwetu, hata mwezi wa Julai, huingiza unyevu tu. Uzimwe.

Sensa ya kaboni dioksidi, hewa ambayo watu huitoa wakipumua, itafungua kilango kadiri watu wanavyoongezeka, kwa kawaida ikilenga isizidi takriban sehemu 1,000 kwa kila milioni. Hata hivyo sensa hiyo hainusi gundi wala ngozi mpya, kwa hiyo acha upenyo mdogo wa kudumu saa zote za kazi. Kuziba kabisa ni kuwadhulumu wauzaji wako.

Anza na mtambo mmoja, mwingine uachwe ulivyo, na kila mmoja uwekewe mita yake kwa mwezi mzima. Suala la kununua mipya lijadiliwe baada ya kusoma mita hizo mbili.